Kupanga Mwaka Mzima wa Huduma Mkoba na Siku za Upimaji: Mwongozo kwa Hospitali ya Wilaya

Hospitali nyingi za wilaya Tanzania hupanga siku za upimaji kwa kufuata maadhimisho. Ikifika Siku ya Kisukari tenti linasimamishwa, watu mia tatu wanapimwa, picha zinapigwa na ripoti inapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ripoti hiyo husema waliopimwa ni wangapi. Waliokutwa na tatizo wakafika kliniki mwezi uliofuata ni wangapi, haisemi, na mara nyingi hakuna aliyehesabu.

Utaratibu ulio hapa chini unaanzia kliniki na kuishia uwanjani. Umeandikwa kwa Mganga Mfawidhi, waratibu wa huduma na wauguzi wanaobebeshwa kazi hii juu ya zamu zao za kawaida.

Kwanza: kliniki inaweza kupokea wangapi wapya?

Kabla ya kupanga tarehe yoyote, kaa na muuguzi wa kliniki ya presha na sukari mfanye hesabu. Utafiti wa kitaifa wa STEPS (unaopima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza) wa mwaka 2012 ulikuta takriban 26% ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na takriban 9% wana kisukari. Ukipima watu 300 wa umri huo, tegemea kama 78 wenye presha. Wengine wanajijua na wana kadi zao tayari, kwa hiyo tuseme 60 ndio wa kupangiwa miadi.

Sasa tazama kliniki. Kama ni ya kila Jumanne, na baada ya wagonjwa wa zamani zinabaki saa 4 za kuona wapya, kila mmoja dakika 20, wanaowezekana ni 12 kwa wiki. Watu 60 watahitaji wiki tano. Mtu asiyeumwa popote hangoji wiki tano. Wiki mbili ndio mwisho, zaidi ya hapo ameshasahau au ameshanunua dawa za majani. Pima basi watu 120 badala ya 300. Watapatikana kama 24, ambao ni Jumanne mbili, na mwezi unaofuata unakwenda kata nyingine. Kama wakubwa wanang'ang'ania 300, waombe kwanza siku ya pili ya kliniki na tabibu wa kuikalia.

Hesabu ya dawa ni ya namna hiyohiyo. Watu 24 wakianzishiwa amlodipini, dawa ya presha, ya 5 mg, kidonge kimoja kwa siku, mwezi wa kwanza pekee ni vidonge 720, na hawaachi mwezi wa pili. Mfamasia aingize mahitaji hayo kwenye maombi ya Bohari ya Dawa mapema. Siku ya upimaji iliyofanyika wakati stoo haina dawa inaharibu hata siku zitakazofuata, kwa sababu kijijini habari huenda mbio: "Walitupima, wakatuambia tukanunue."

Kalenda: tarehe zipi zifuatwe, zipi ziachwe

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, hivyo kalenda iandaliwe sambamba na mpango wa hospitali, na kila shughuli iwe na mstari wake wa bajeti: mafuta, posho, vitendanishi, matangazo. Shughuli isiyo kwenye mpango huishia kuendeshwa na fedha za dharura, au na mfadhili anayekuja na ajenda yake.

Usijaribu kuadhimisha kila kitu. Shughuli kubwa nne na huduma mkoba za kila mwezi zinatosha timu ya kawaida. Mgawanyo unaofaa wilaya nyingi ni huu:

- Julai hadi Septemba: presha na sukari. Mvua hakuna, barabara zinapitika, na maeneo mengi watu wameshavuna. Siku ya Moyo ni Septemba 29. Wiki ya kwanza ya Agosti ni ya unyonyeshaji. Ifanyike ndani ya kliniki ya mama na mtoto, haihitaji tenti.
- Oktoba na Novemba: saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, kisha kisukari (Novemba 14).
- Desemba: UKIMWI (Desemba 1), pamoja na Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ambao hurudi tena Juni.
- Machi na Aprili: kifua kikuu (Machi 24), malaria (Aprili 25) na wiki ya chanjo mwishoni mwa Aprili.
- Juni 14: wachangia damu.

Kisha weka kalenda ya mahali juu ya hiyo. Pwani na kaskazini masika ni Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida, Tabora na nyanda za juu kusini mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Shughuli za Machi na Aprili mahali pa namna hiyo ziwe karibu na lami, au ziendeshwe na zahanati zenyewe. Msimu wa kulima huwapati wanaume hata ukipiga ngoma. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo iangalie upya kila unapopanga. Siku ya gulio ni bora kuliko siku ya kawaida, mradi uwe umesimama kabla ya saa 3 asubuhi, maana baada ya hapo watu wako kwenye bei.

Viwanja vya Nane Nane vina watu tele, ila wengi wametoka mbali na hutawaona tena. Vitumie kwa elimu na kuonyesha huduma. Ukipima pale, mpe mtu karatasi ya majibu aipeleke kituo cha kwao.

Wiki sita kabla

Wiki ya sita: barua kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, nakala kwa diwani. Omba dakika kumi katika mkutano wa kijiji, usitegemee barua kubandikwa. Chagua eneo lenye kivuli, choo na maji. Shule ya msingi siku ya Jumamosi hufaa kuliko uwanja wa mpira.

Wiki ya nne: hakiki vifaa na wahudumu. Washa kila mashine ya presha na ilinganishe na ile ya kliniki kwa mkono wa mtu mmoja; inayotofautiana mara kwa mara kwa zaidi ya 5 mmHg ibaki nyumbani.

Wiki ya pili: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite kaya kwa kaya. Hawa ndio huleta watu kuliko gari la matangazo. Msikiti na kanisa viombwe kutangaza Ijumaa na Jumapili mbili mfululizo.

Tangazo liseme nani aje, kipimo gani, kwamba ni bure, saa ngapi, aje na nini (kadi ya kliniki, namba ya simu), na pia nini hakitakuwepo. Usiposema, watakuja wenye meno mabovu, mtoto wa jicho na magoti ya miaka kumi, na watakuwa na haki ya kukasirika. Hata ukisema watakuja wachache. Weka tabibu mmoja mwenye sanduku dogo la dawa pembeni, asichanganyikane na foleni ya upimaji.

Na suala la mgeni rasmi. Huduma ianze saa 2 asubuhi, hotuba saa 4, na vipimo visisimame wakati wa hotuba. Watu walioambiwa waje bila kula wakikaa juani hadi saa 6 wakimsubiri mheshimiwa, wataanguka. Fulana na kofia ni za mwisho kwenye bajeti: ukibaki na fedha baada ya stripu na mafuta, chapisha.

Mpangilio wa uwanja

Mtu aende upande mmoja, asirudi nyuma: mapokezi na usajili, benchi la kupumzikia, uzito na urefu, presha, sukari, ushauri, kisha meza ya miadi iliyo karibu kabisa na njia ya kutokea. Meza ya miadi ikiwekwa katikati, watu huiruka.

Meza moja ya presha ikifanya kazi yake vizuri huchukua dakika 6 kwa mtu, yaani watu 10 kwa saa. Kwa saa 6 ni 60. Watu 120 wanahitaji meza mbili, na 300 wanahitaji tano. Ukiona timu imepima 300 kwa meza mbili, ujue vipimo vile ni vya kukimbizana.

Kwa watu 120 beba stripu 150 za sukari (yaani vichupa vitatu vya 50), lanseti (visindano vya kutobolea kidole) 150, pamba, spiriti, glavu boksi mbili, mashine mbili za sukari na betri za akiba, mashine tatu za presha ili moja iwe ya akiba, na mikanda mikubwa isiyopungua miwili. Mabenchi ya watu 20. Boksi la usalama la lita 5 mawili. Mizani iwekwe juu ya ubao au sakafu ngumu. Juu ya mchanga au majani inadanganya. Maji ya kunywa lita 40, na glukosi ya unga.

Presha na sukari: kosa liko wapi

Simama nyuma ya meza dakika tano utazame. Mama amefika anahema, ameketi kwenye stuli isiyo na mgongo, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya kitambaa cha gauni, na muuguzi anamuuliza ameacha watoto na nani huku mashine ikisoma. Hapo kuna makosa manne au matano, na karibu yote yanapandisha namba.

Utaratibu sahihi: apumzike ameketi dakika 5, ndiyo maana benchi lipo kabla ya meza. Asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya kazi nzito ndani ya dakika 30. Mgongo uegemee, nyayo zikae chini, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi. Kibofu kikiwa kimejaa, aende chooni kwanza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu isiyokuwepo. Sehemu inayojaa hewa izunguke kama 80% ya mkono. Hakuna mazungumzo. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, uandike zote mbili.

Yenye 140/90 au zaidi kwa vipimo vyote viwili hupangiwa miadi ya kurudia siku nyingine. Usimwambie "una presha" kwa siku moja. Mwambie namba iko juu na inatakiwa ihakikiwe. Ya 180/110 au zaidi, rudia baada ya kupumzika, na ikibaki pale aonwe na tabibu hapohapo. Kama kuna maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kuona giza au udhaifu wa upande mmoja, gari liondoke naye sasa. Gari hilo lisiwe ndilo lililokwenda kufuata chakula cha timu.

Sukari ina mitego yake. Stripu huharibiwa na joto na unyevunyevu; kichupa kifunikwe mara tu baada ya kutoa stripu moja, kisikae wazi wala juani. Nyingi zinatakiwa zisizidi nyuzi joto 30, kwa hiyo kichupa kinachotumika kiwe kimoja na vingine vikae kwenye kibebeo chenye ubaridi, visiguse barafu. Aliyekula embe anawe mikono kwa maji na sabuni, sukari ya tunda kidoleni husomeka kama ya damu. Ukitumia spiriti ngoja ikauke. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza, tumia la pili, usikamue kwa nguvu.

Andika saa aliyokula mara ya mwisho, maana bila hiyo namba haina tafsiri. Aliyefunga kwa saa 8 au zaidi akifikia 7.0 mmol/L, au aliyekula akifikia 11.1, aende maabara kuhakikishiwa. Aliye chini ya 4.0 apewe kitu cha sukari na akae mbele ya macho yako.

Watoto

Katika miezi ya Juni na Desemba vitamini A hutolewa kwa umri: miezi 6 hadi 11 kapsuli ya bluu ya 100,000 IU, miezi 12 hadi 59 nyekundu ya 200,000 IU. Kata ncha, kamulia mdomoni. Mtoto asipewe kapsuli nzima ameze. Angalia kadi kwanza kama hajapewa karibuni. Dawa ya minyoo huanza mwaka mmoja: albendazoli nusu kidonge (200 mg) kwa miezi 12 hadi 23, kizima (400 mg) kuanzia miaka 2. Kwa walio chini ya miaka 3 kidonge kisagwe na kichanganywe na maji, na mtoto anayelia asilazimishwe wala kubanwa pua. Wapo waliopaliwa namna hiyo. Mzingo wa mkono kwa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Wenye utapiamlo mkali wanaondoka na jina la muuguzi wa lishe na siku ya kesho.

Chanjo husafiri kati ya nyuzi 2 na 8. Hatari ambayo wengi hawaijui ni kuganda: paki za barafu zilizotoka tu kwenye friza huua chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano), ya nimonia na ya HPV (kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi). Ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uzipange. Chanjo ya surua-rubella na BCG (ya kifua kikuu) zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kikao kinapokwisha, lolote litakalotangulia. Chanjo ya HPV, ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ipelekwe shuleni kwa orodha ya majina. Wachome wakiwa wameketi na wakae dakika 15. Akizimia mmoja mbele ya wenzake, darasa zima litafuata.

Saratani ya mlango wa kizazi

Hii usiifanyie tenti la uwanjani. Tumia zahanati yenye chumba kinachofungwa, kitanda na taa ya uhakika. Idadi ya wanawake utakaowahudumia ni idadi ya spekulamu (vifaa vya kufungulia uke) safi ulizo nazo, basi. Zikiwa 25, pangia miadi wanawake 25 kwa majina. Walengwa wa kwanza ni wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Waulizwe tarehe zao za hedhi wakati wa kuandikishwa ili asije mtu kwa nauli yake akarudishwa.

Asidi asetiki ya 3% hadi 5% ichanganywe siku hiyohiyo. Paka kwenye mlango wa kizazi, ngoja dakika nzima kwa saa ya ukutani, kisha tazama. Wanaoharakisha hapa hukosa madoa meupe yanayochelewa kutokea. Mashine ya tiba joto (inayounguza sehemu iliyobadilika) iwepo palepale, ili mwenye mabadiliko yanayofaa kutibiwa hivyo atibiwe kabla ya kuondoka. Kumwambia arudi wiki ijayo ni kumpoteza, hasa kama lazima aombe ruhusa nyumbani. Mwenye doa lenye sura ya saratani apewe rufaa kwa daktari, doa lisiguswe na tiba joto.

Damu

Wasiliana na kanda ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwezi mmoja kabla. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, hemoglobini isiyopungua 12.5 g/dl. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Wanafunzi wakubwa wa sekondari na vyuo ni nguzo ya ukusanyaji, kwa hiyo upungufu hujitokeza shule zikifungwa, Juni na Desemba; panga misikitini, makanisani na stendi za bodaboda kwa miezi hiyo. Wakati wa Ramadhani fungua meza baada ya futari.

Ale na anywe nusu lita ya maji kabla. Baada ya mfuko wa 450 ml kujaa, alale kidogo, kisha akae dakika 15 na juisi. Anayezimia mara nyingi ni yule aliyeinuka haraka akawahi pikipiki yake.

Kuanzia meza ya miadi hadi mlango wa kliniki

Fomu ya rufaa iwe nakala tatu: ya mgonjwa, ya hospitali, ya mhudumu wa afya wa kitongoji chake. Usiandike "afike hospitali". Andika "Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi, chumba namba 6, muulize muuguzi wa presha". Chukua namba mbili za simu, yake na ya ndugu, na uulize wazi kama unaweza kumtajia huyo ndugu habari. Majibu ya VVU hayapitii simu ya ndugu kwa hali yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia daftari lako na picha za uwanjani. Sura ya mgonjwa haiendi kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Kikwazo kikubwa cha kufika huwa ni dirisha la malipo. Mtu amekuja na fomu yake, anaambiwa alipe kufungua faili, anageuza. Kabla ya siku ya upimaji, Mganga Mfawidhi aamue kwa maandishi: fomu ya rufaa ya huduma mkoba inapita bila ada ya kumuona daktari kwa ziara ya kwanza, na mapokezi wapewe nakala ya agizo hilo. Wasipoambiwa wao, agizo halipo.

Siku moja kabla ya miadi, pigia kila mtu. Asipofika, piga tena siku ya tatu. Siku ya kumi na nne mhudumu wa jamii aende nyumbani na nakala yake. Mtengee nauli, kumtuma bure mara tatu ni kumchosha.

Jioni ya siku yenyewe, na mwezi baadaye

Boksi la usalama hufungwa likijaa robo tatu, halibanwi wala halimwagwi, na linarudi hospitali kuteketezwa. Hakuna pamba yenye damu inayobaki uwanja wa shule. Hesabu stripu zilizotumika dhidi ya majina yaliyosajiliwa kabla gari halijaondoka; tofauti kubwa maana yake kuna watu hawakuandikwa.

Takwimu ziingie kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ndani ya siku tatu. Kwa timu yenyewe, andika namba nne ukutani: waliopimwa, waliokutwa na tatizo, waliofika kliniki ndani ya siku 30, na walio bado kwenye matibabu baada ya miezi mitatu. Waratibu wakutane siku ya 30 wakiwa na orodha ya majina mkononi. Kama chini ya nusu ya wenye tatizo ndio waliofika, tukio la mwezi unaofuata liahirishwe, na mafuta yake yatumike kuwafuata waliobaki.